Kura ya Marubani Kabla Kampuni Hazijaungana: Kinachobishaniwa Hasa ni Nini?

Tuseme kampuni ya ndege imetangaza kuungana na nyingine. Wakati huohuo marubani wake wana rasimu mkononi: mkataba mpya wa hali bora ambao viongozi wa chama chao wamevutana na menejimenti muda mrefu mpaka ukapatikana, na sasa kila mwanachama anatakiwa aseme ndiyo au hapana. Kwa aliye nje, hesabu ni nyepesi: nyongeza ikiwa nzuri unaridhia, ikiwa mbaya unakataa. Ukiwasikiliza marubani wenyewe, mambo ni mengine. Asilimia za mshahara zinatajwa mwanzoni tu, kisha mjadala unahamia kwenye nani atakaa juu ya nani, muda uliobaki kabla ya kampuni kuwa moja, sheria ya reli ya mwaka 1926, na masaibu ya marubani wa kampuni ambazo majina yake hayapo tena angani.

Nitazungumzia Marekani, kwa sababu huko mvutano wa aina hii umezoeleka, una sheria zake, na una kesi zilizokwisha ambazo mtu anaweza kujifunza kwazo. Na niseme mapema ninachoamini. Rasimu inayopigiwa kura kabla ya muungano huamua mambo mawili kwa mpigo: bei ya kazi yao leo, na nguvu watakayoingia nayo katika kampuni mpya. Inaweza kuwa nzuri kwa la kwanza na hatari kwa la pili. Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu marubani wawili waliokaa chumba kimoja cha ndege wanajibu maswali mawili tofauti kwa neno moja.

Namba inayobeba maisha ya kazi

Bila kuelewa ukongwe huwezi kuelewa chochote katika mjadala huu, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kila rubani wa kampuni kubwa ya ndege Marekani ana namba katika orodha ya ukongwe. Siku anapoajiriwa anawekwa mwisho, na tangu hapo anasogea juu pale tu walio juu yake wanapoondoka: wanapostaafu, wanapofariki, wanaponyimwa cheti cha afya, wanapoacha kazi. Kampuni ikikua, watu wapya wanaongezeka chini yake na nafasi za ukapteni zinaongezeka juu yake. Ustadi hauingii kwenye hesabu, maana wote hupimwa kwa mitihani ileile na asiyefaulu harushi ndege.

Namba hiyo huamua ndege atakayorusha, kiti atakachokaa (cha kushoto cha kapteni au cha kulia cha rubani msaidizi), mji utakaokuwa kituo chake, ratiba yake ya mwezi, na kama likizo yake itaangukia msimu wa sikukuu au miezi ambayo hakuna anayeitaka. Biashara ikiyumba na kampuni ikaanza kuwapumzisha watu kazi bila malipo, inaanza na walio chini. Ikiwarudisha, inaanza na walio juu. Kapteni wa ndege kubwa ya masafa marefu analipwa mara kadhaa ya rubani msaidizi aliyeingia juzi, kwa hiyo mtu anayechelewa kukaa kiti cha kushoto kwa miaka mitano au sita anapoteza fedha ambazo nyongeza ya asilimia chache haiwezi kuzifidia.

Halafu namba hii haihamishiki. Mhasibu aliyechukizwa na mwajiri wake anaweza kwenda kwingine na uzoefu wake ukahesabiwa. Rubani mwenye miaka 20 kazini akihamia kampuni nyingine anaanza mwisho wa orodha, pamoja na vijana. Na mbele yake kuna ukomo: sheria inamtaka aache kurusha ndege za kampuni hizi akifika miaka 65. Hadi Desemba 2007 ukomo huo ulikuwa miaka 60, na ulipoongezwa, waliokuwa wakingoja wakubwa wastaafu walijikuta wanangoja miaka mitano zaidi.

Sasa orodha mbili zinatakiwa ziwe moja. Chukua kampuni yenye marubani 6,000 inayoungana na yenye 2,000. Rubani wa 1,000 katika ile ndogo yuko katikati kabisa ya wenzake. Orodha zikiunganishwa kwa uwiano, watatu wa kampuni kubwa kwa mmoja wa ndogo, atakuwa karibu wa 4,000 kati ya 8,000, bado katikati. Zikiunganishwa kwa tarehe ya kuajiriwa, na kampuni yake ni changa ilhali ile nyingine imejaa watu wenye miaka 25 na zaidi kazini, anaweza kushuka hadi karibu na wa 6,000. Kundi lake lote likibandikwa mkiani, atakuwa wa 7,000. Mtu ni yuleyule na ujuzi ni uleule. Kilichobadilika ni kanuni ya kuchanganya, na kila kanuni kati ya hizo ina watu wanaoiona kuwa ndiyo haki yenyewe.

Wanaotetea tarehe ya kuajiriwa wanasema mtu aliyetumikia miaka mingi asiwekwe nyuma ya aliyeingia jana. Wanaotetea uwiano wanasema kila mtu aingie katika kampuni mpya na kile alichokuwa nacho siku ya kuungana, si zaidi. Hoja zote mbili zina uzito, na sioni aibu kusema kwamba hakuna orodha iliyounganishwa ambayo haimuumizi mtu.

Mkataba usiokufa

Mashirika ya ndege ya Marekani yako chini ya Sheria ya Kazi za Reli ya mwaka 1926, ambayo iliongezwa kuyahusu mwaka 1936. Iliandikwa ili treni zisisimame, na roho hiyo bado imo ndani yake. Mkataba wa marubani haukomi muda wake kama mikataba mingine. Hufika tarehe ambapo unaruhusiwa kurekebishwa, na kama hakuna makubaliano, ule wa zamani unaendelea kutumika. Unaweza kuendelea kwa miaka.

Pande zikikwama, Bodi ya Taifa ya Usuluhishi, chombo cha serikali, huingia, na bodi hiyo ndiyo yenye saa. Hakuna mgomo mpaka itamke kwamba mazungumzo yameshindikana, kisha zipite siku 30 za kupoza joto. Hata hapo Rais anaweza kuingilia. Februari 1997 marubani wa kampuni ya American waligoma, na Rais Bill Clinton akausimamisha kwa kuunda bodi ya dharura dakika chache tu baada ya mgomo kuanza. Marubani wa kampuni ya Spirit walifanikiwa kugoma siku 5 Juni 2010, na mgomo wa namna hiyo ni nadra.

Kwa hiyo katika nyakati za kawaida menejimenti haina haraka. Kila mwezi unaopita inalipa viwango vya zamani. Muungano unageuza hali hiyo, na hapa ndipo penye kiini cha nguvu ya marubani. Menejimenti imewaahidi wanahisa kwamba kampuni ikiwa moja itaokoa fedha nyingi: ndege zitapangwa upya, vituo vitaunganishwa, wafanyakazi watatumika popote. Lakini bila mkataba wa pamoja na orodha moja ya ukongwe, marubani wa upande huu hawawezi kurusha ndege za upande ule. Kampuni inaendeshwa kama mbili chini ya rangi moja. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mwenye haraka ni mwajiri.

Mpangilio wa hatua, kwa kifupi, huwa hivi: kwanza makubaliano ya mpito yanayoeleza nani atafanya nini wakati kampuni bado mbili, kisha mkataba wa pamoja, kisha orodha moja, kwa mazungumzo au, yakishindikana, kwa usuluhishi na hatimaye uamuzi wa mwamuzi. Katika safari hiyo Bodi ya Usuluhishi hutangaza kwamba kampuni sasa ni moja na chama kimoja ndicho kitakachowakilisha marubani wote. Marubani wa kampuni ndogo wanapaswa kuikazia macho hatua hii ya mwisho. Baada ya hapo wao ni wachache ndani ya chama cha wengi. Rasimu iliyo mbele yao sasa inaweza kuwa ya mwisho watakayoipigia kura wakiwa peke yao.

Walichojifunza marubani wa TWA

Mwaka 2001 American ilinunua mali za TWA, kampuni kongwe iliyokuwa imefilisika na yenye kituo chake kikuu St. Louis, Missouri. Mkataba wa marubani wa TWA ulikuwa na kifungu kinachotaka orodha za ukongwe ziunganishwe kwa haki, na pande zikishindwa, mwamuzi aingie. American ilisema haitanunua kifungu hicho kikiwepo. Wakiwa kati ya kampuni kufa kabisa na kuacha ulinzi wao, viongozi wa marubani wa TWA walikubali kukiondoa.

Orodha ilipotoka, zaidi ya nusu ya marubani wa TWA walikuwa wamebandikwa mkiani mwa orodha ya American. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 usafiri wa anga ukaporomoka, na kupunguzwa kukaanzia chini, walipo wao. Watu waliokuwa makapteni wakajikuta hawana kazi. Waliishtaki ALPA, chama kilichokuwa kinawawakilisha, wakidai hakikuwatetea kwa uaminifu. Mwaka 2011 baraza la wazee wa mahakama likawapa ushindi, na mwaka 2014 kesi ikamalizwa kwa malipo ya dola milioni 53.

Fedha hazirudishi namba. Lakini maumivu yale yalizaa sheria. Maseneta wawili wa Missouri, Claire McCaskill na Kit Bond, walisimamia kifungu kilichopitishwa Desemba 2007 na kinachoitwa kwa majina yao. Kinasema orodha za ukongwe ziunganishwe kwa njia ya haki na usawa, na zikishindikana kwa mazungumzo, suala liende kwa mwamuzi. Ikiwa makundi yote mawili yako chini ya chama kimoja, kanuni za ndani za chama hicho ndizo zinazotumika. Za ALPA humtaka mwamuzi azingatie, pamoja na mengine, muda wa utumishi, cheo na aina ya ndege, na matarajio ya kazi ambayo kila kundi lilikuwa nayo kabla ya muungano.

Ndiyo maana kubandikwa mkiani kwa amri ya mkubwa hakutokei kirahisi kama zamani. Ukisikia mtu akiwatisha wenzake kwa yaliyowapata TWA, mkumbushe kwamba sheria imebadilika. Ila sheria hiyo inalinda orodha tu. Mishahara, pensheni, ratiba na ulinzi wa kazi wakati wa mpito havimo ndani yake. Hivyo vyote vinatoka kwenye mkataba.

Wanaosema ndiyo, wanaosema hapana

Hoja ya wanaosema ndiyo huanza na muda. Fimbo ya mbali haiui nyoka: nyongeza iliyoandikwa leo inaanza kuingia mfukoni mwezi ujao, na mkataba wa pamoja unaoahidiwa unaweza kuchukua miaka. Rubani mwenye miaka 63 hana miaka hiyo. Kuna hoja nyingine isiyosikika sana, na naiona nzito zaidi. Mkataba uliopo siku ya kuungana ndio sakafu ambayo mazungumzo ya mkataba wa pamoja yataanzia. Kundi linaloingia na viwango vya chini linaupa upande wa pili neno la kusema mbele ya mwamuzi: hawa walikuwa wanatarajia kidogo, sisi ndio tuliowainua. Kukifunga kipengele cha mishahara mapema kunawanyang'anya neno hilo, au angalau kunalipunguza makali.

Wanaosema hapana wanajibu kwamba haraka ya mwajiri haitadumu. Ukisaini sasa, unampa utulivu anaouhitaji kwa ajili ya wawekezaji na serikali, halafu unabaki bila cha kuuza. Mkataba mpya ukifungwa kwa miaka minne, marekebisho yake yatakuja wakati wewe ni mmoja kati ya kila wanne katika chama kipya. Na huwa wanaonyesha kidole kwenye vifungu vya nyuma, vile ambavyo muhtasari wa chama huvitaja kwa mstari mmoja: wigo wa kazi, yaani ni safari zipi lazima zirushwe na marubani wa orodha hii wala zisipewe kampuni ndogo za mikoani, na kifungu cha mrithi, kinachomlazimisha mnunuzi auchukue mkataba pamoja na ndege.

Kwa maoni yangu hapo wako sahihi kabisa. Rasimu yenye nyongeza kubwa na kifungu cha mrithi kilicholegea ni mbaya kuliko yenye nyongeza ya wastani na kifungu kilichokaza. Nyongeza inaweza kuombwa tena. Ulinzi ulioachwa kabla ya muungano hauombwi tena, kwa sababu baada ya muungano hakuna tena anayehitaji kuununua.

Makundi haya mawili hayagawanyiki kwa tabia, ya kwamba hawa ni waoga na wale ni wakali. Yanagawanyika kwa umri na mahali mtu alipo katika orodha. Aliye juu kabisa hatishiki na muungano. Namba yake haitasogea sana na anataka fedha. Aliye chini kabisa ana miaka 30 mbele na anataka ulinzi dhidi ya kupunguzwa. Aliye katikati, anayekaribia kiti cha kushoto, ndiye mwenye mengi ya kupoteza, na huyo ndiye utakayemkuta akizisoma kurasa mia tatu za rasimu usiku hotelini.

Hapana iliyolipa, na hapana iliyogharimu

Historia haimpi ushindi wa moja kwa moja mtu yeyote.

Novemba 2011 AMR, kampuni mama ya American, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Ilitaka kupunguza gharama za wafanyakazi kwanza na kufikiria muungano baadaye. Aprili 2012 vyama vya wafanyakazi wake vikafanya jambo lisilo la kawaida: vilikubaliana masharti na US Airways, kampuni iliyokuwa inataka kuungana na mwajiri wao, kabla mwajiri mwenyewe hajakubali. Agosti menejimenti ilileta toleo iliyoliita la mwisho, likiwa na asilimia 13.5 ya hisa za kampuni ikishatoka kwenye ulinzi huo, kwa marubani. Asilimia 61 ya marubani wakalikataa.

Adhabu ilikuja upesi. Septemba mahakama iliiruhusu kampuni iuweke kando mkataba na kuweka masharti yake. Mwezi huohuo safari nyingi zikachelewa na nyingine kufutwa, kampuni ikiwalaumu marubani na chama kikikana kuwa kimepanga lolote. Menejimenti ikarudi mezani, na Desemba mkataba uliorekebishwa ukaridhiwa kwa karibu asilimia 74. Februari 2013 muungano na US Airways ukatangazwa, na mkuu wa US Airways, Doug Parker, ndiye aliyekabidhiwa kuiongoza kampuni mpya.

Hapana ile ililipa. Lakini tazama kilichokuwa nyuma yake: marubani walikuwa na upande wa pili uliokwisha kukubali masharti yao kwa maandishi, na wadai ndani ya mahakama waliokuwa wanapima mpango upi una faida. Waliokataa walijua wanakoelekea. Kuitaja kura ile kama ushahidi kwamba kukataa hulipa, bila kutaja hayo, ni kuwadanganya wenzako.

AirTran, kampuni ndogo iliyonunuliwa na kubwa, ni upande wa pili. Southwest ilitangaza kuinunua Septemba 2010 na kukamilisha ununuzi Mei 2011. Vyama vilikuwa viwili tofauti, kwa hiyo njia ya mwamuzi ilikuwepo kisheria. Wawakilishi wa pande zote walifikia makubaliano ya kwanza ya kuunganisha orodha, yaliyowahakikishia makapteni wengi wa AirTran viti vyao. Agosti 2011 viongozi wa marubani wa AirTran wakayakataa, hata hawakuyapeleka kwa wanachama. Walidhani mwamuzi angewapa zaidi. Southwest ikaanza kudokeza kwamba si lazima AirTran iunganishwe. Inaweza kuachwa kando na kupunguzwa. Novemba yakapigiwa kura makubaliano ya pili, yenye ulinzi pungufu wa viti, na marubani wa AirTran wakaridhia. Mwaka uliofuata Southwest ilikubali kuzikodisha kwa Delta ndege 88 aina ya Boeing 717 zilizokuwa uti wa mgongo wa AirTran, na makapteni wengi wakahamia kiti cha kulia.

Kosa lao halikuwa kukataa peke yake. Walimpima mnunuzi kana kwamba hawezi kuishi bila muungano kamili, kumbe alikuwa na njia nyingine. Na kuna jambo linaloniumiza zaidi katika kisa hiki: wanachama wa kawaida, ambao viti vilikuwa vyao, hawakupewa nafasi ya kusema.

Miaka minane bila mkataba wa pamoja

Kisa kinachofundisha kuliko vyote kuhusu uhusiano wa mkataba na orodha ni cha US Airways na America West, zilizoungana mwaka 2005. US Airways, upande ulioitwa Mashariki, ilikuwa imepitia ufilisi mara mbili. Marubani wake walikuwa wamepoteza pensheni yao ya zamani, na wengi walikuwa wamepumzishwa bila malipo. America West, upande wa Magharibi, ilikuwa ndogo na changa, lakini watu wake walikuwa kazini. Wote walikuwa chini ya ALPA.

Mazungumzo ya orodha yalishindikana, na mwamuzi George Nicolau akatoa uamuzi Mei 2007. Nafasi 517 za juu aliwapa watu wa Mashariki, kwa kuwa ndio waliokuwa na ndege kubwa za masafa marefu. Waliokuwa nje ya kazi aliwaweka chini. Matokeo yake mtu wa Mashariki mwenye miaka 17 tangu kuajiriwa alijikuta karibu na mtu wa Magharibi mwenye miezi michache.

Hasira ya Mashariki haikuwa na mfano. Makubaliano ya mpito yalisema orodha mpya isingeanza kutumika mpaka mkataba wa pamoja uridhiwe. Mashariki walikuwa zaidi ya mara mbili ya Magharibi. Wakaelewa kwamba wasiporidhia mkataba wowote, orodha ya Nicolau haitaanza. Mwaka 2008 waliiondoa ALPA kwa kura na kuweka chama kipya, USAPA, kilichoahidi orodha ya tarehe ya kuajiriwa. Mkataba wa pamoja haukupatikana tangu 2005 mpaka muungano na American ulipofika mwaka 2013. Miaka yote hiyo marubani wa Mashariki walirusha ndege kwa viwango vya mshahara vilivyowekwa wakati wa ufilisi, huku wenzao wa kampuni nyingine kubwa wakiongezewa. Magharibi walikwenda mahakamani. Mwaka 2010 waliambiwa wamekuja mapema kwa sababu hakuna mkataba bado, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba USAPA ilikiuka wajibu wake kwao.

Kufikia hapo USAPA yenyewe haikuwa tena na marubani wa kuwakilisha. Mwaka 2014 Bodi ya Usuluhishi ilikuwa imekitambua chama cha marubani wa American kuwa cha wote, na Januari 2015 ndipo mkataba wa pamoja wa kampuni mpya uliporidhiwa. Hapo pia kulikuwa na funzo: makubaliano yaliyoridhiwa mapema mwaka 2013 yalishaweka mipaka. Pande zikishindwa kukubaliana, mwamuzi angeandika mkataba, lakini asingeruhusiwa kwenda nje ya thamani ya fedha iliyokwisha kuandikwa. Waliopiga kura 2015 wakitaka zaidi walikuta dari imejengwa miaka miwili nyuma.

Delta na Northwest walichukua njia tofauti mwaka 2008. Marubani wa pande zote mbili walishindwa kukubaliana orodha kabla ya tangazo la Aprili, lakini hawakuacha ugomvi wa orodha uzuie mkataba. Mkataba wa pamoja, wenye hisa kwa marubani wa pande zote, uliridhiwa kabla muungano haujakamilika mwezi Oktoba. Orodha wakawapelekea waamuzi, nao wakamaliza Desemba. Waliolalamika walikuwepo. Lakini walilalamika wakiwa wanalipwa viwango vipya.

Maswali ya kuuliza kabla ya kura

Ningekuwa na rubani anayeniomba ushauri, ningemwambia aanze na ukurasa ambao haumo kwenye rasimu: hapana ikishinda, kesho yake kitatokea nini? Mazungumzo yatarudi lini, na nani atakuwa mezani? Mwajiri ana njia nyingine? Tarehe ya kufunga muungano iko wapi ukilinganisha na muda wa kuandika rasimu mpya? Kama jibu ni kwamba wakati rasimu mpya itakapokuwa tayari chama chako hakitakuwepo, basi hapana yako inawaachia wengine wakuandikie.

Kisha asome kifungu cha mrithi, wigo wa kazi, na ulinzi dhidi ya kupunguzwa wakati wa mpito. Aangalie kama kuna tarehe inayoruhusu mazungumzo yafunguliwe upya muungano ukikamilika. Kifungu hicho kimoja kinaweza kupatanisha kambi zote mbili, maana kinampa mtu fedha za leo bila kumfunga mikono kesho. Aulize vilevile kama rasimu inagusa lolote kuhusu orodha. Ikigusa, awe mwangalifu mara mbili, kwa sababu mkataba ni wa kampuni na chama, na orodha ni suala kati ya marubani wenyewe. Mwajiri anayechanganya hivyo viwili kwenye karatasi moja huwa ana sababu.

La mwisho linasahaulika kabisa wakati wa tangazo na shamrashamra zake: muungano unaweza usitokee. Julai 2022 JetBlue ilikubali kuinunua Spirit kwa dola bilioni 3.8. Januari 2023, muungano ukiwa bado unangojewa, marubani wa Spirit waliridhia mkataba wa miaka miwili wenye nyongeza kubwa. Januari 2024 jaji wa Boston, William Young, akauzuia muungano kwa kuwa ungepunguza ushindani. Mnunuzi akaondoka, na mkataba ukabaki. Mwaka huohuo Spirit ikaanza kuwapumzisha marubani bila malipo, kuanzia mwisho wa orodha, na Novemba ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.